Mtambuzi wa Sarafu wa Gerezani

Sarafu za kale hufika Gerezani bila jina. Huja ndani ya viroba vya skrepa, zimechanganyika na koki za maji, vitasa, vipande vya mabomba na nyaya zilizochunwa, na mwenye kiroba anauza kwa kilo. Katika mitaa hii iliyobanwa kati ya soko la Kariakoo na njia za reli, ambako fundi bati anakunja sanduku la mwanafunzi wa bweni huku jirani yake akifumua injini, shaba ni shaba tu: inapimwa, inalipiwa, inakwenda kuyeyushwa. Kwa hiyo kazi ya mzee ninayemwandika hapa inaanzia chini kabisa, juu ya turubai lililotandazwa mbele ya ghala la skrepa, maana inambidi aiwahi sarafu kabla tanuru halijaiwahi.

Hana duka wala kibao. Ana kibanda chenye meza ya mbao, taa ya kukunja shingo, kiti kimoja cha mgeni na kabati la chuma lililochomelewa mtaani hapo hapo. Vijana wa skrepa wanamfahamu. Kijana akikutana na kitu cha mviringo chenye maandishi anakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likijaa anakuja nalo.

"Shikamoo, mzee. Leo limejaa."

"Marahaba, mwanangu. Mwaga hapa, taratibu, usikung'ute."

Agizo hilo halikosi kulitoa, maana sarafu zikigongana hujeruhiana, na mnunuzi hatajali kama jeraha ni la leo asubuhi au la miaka mia iliyopita.

Huanza kwa kuchambua, na huchambua kama mama anayechagua mchele kwenye ungo: macho yanatangulia, vidole vinafuata. Kwanza anaondoa visivyo sarafu, yaani washa za bolti, vifungo vya makoti na vibati vya namba. Kisha anatenga kwa rangi, halafu kwa ukubwa, mwisho zenye tundu kando na zisizo na tundu kando. Kila anayoiinua anaishika ubavuni, kati ya kidole gumba na cha shahada, bila kuugusa uso wake. Jasho la kidole lina chumvi na mafuta; likikaukia juu ya shaba huacha alama ya dole ambayo haitoki tena. Nimemwona akiishika hivyo hivyo hata senti iliyolika kabisa, isiyo na bei yoyote. Mkono, anasema, haufai kuwa na tabia mbili.

Kopo moja linaweza kubeba tawala kadhaa. Zimo pesa za shaba nyekundu za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya 1890 na 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Zimo heller, zilizoanza 1904 pale rupia ilipoacha kugawanywa kwa pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100. Chini ya maandishi yake mna herufi ndogo: A ikiwa ilipigwa Berlin, J ikiwa ilipigwa Hamburg. Zinafuata za Waingereza: shilingi zilizoanza 1921 zenye simba aliyesimama mbele ya milima, ambazo robo yake tu ni madini ya fedha, pamoja na senti tano na senti kumi zenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda pande zote mbili za tundu.

Senti hizo za tundu ndizo anazoanzia kumfundishia mgeni. Alinichagulia moja ya senti kumi, akaigeuza chini ya taa, akaniambia nisome jina la mfalme lililoizunguka. Wengi wetu tunatarajia GEORGIVS. Hii ilikuwa na EDWARDVS VIII na mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari hadi Desemba ya mwaka huo, akaachia kiti kabla sarafu za kawaida zenye sura yake hazijaingia mikononi mwa watu kwao. Lakini senti za Afrika Mashariki, kwa kuwa zina tundu, hazikuhitaji kichwa cha mfalme. Zilihitaji jina lake tu, na zikapigwa kwa mamilioni. Hivyo jina ambalo Mwingereza hakuwahi kuliona kwenye chenji yake lilinunulia chumvi na kiberiti katika maduka ya Tanganyika. Kisha mzee akaongeza somo la pili, ambalo ni la mwekezaji: hadithi nzuri haimaanishi sarafu ni adimu. Zilizopigwa kwa mamilioni bado ziko nyingi, na senti hiyo bei yake ni ndogo isipokuwa ikiwa imebaki kama ilivyotoka kiwandani.

Baada ya kuchambua ni kuosha, na hapa ndipo uvumilivu wake unapoonekana kwa kile asichokifanya. Hagusi limau, wala majivu, ukwaju, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba. Vitu hivyo humenya ngozi ya juu ya sarafu, ile rangi ya kahawia au ya kijivu ambayo chuma hujivika chenyewe kwa miaka mingi, na ngozi hiyo ikishatoka hairudi. Anachotumia ni maji yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, yale ambayo wenye gereji hununua kwa ajili ya betri. Anajaza bakuli la kioo, analaza sarafu moja moja zisikutane, anafunika na kuondoka. Kesho yake anamwaga maji yaliyobadilika rangi na kuweka mengine. Yenye mafuta ya mashine au gundi anaitia kwenye asetoni safi, dirisha likiwa wazi, kisha anairudisha majini. Udongo ulioshikamana kwenye herufi anauondoa kwa mwiba wa mti uliolainishwa kwa maji, kwa kusukuma kutoka pembeni bila kukwaruza. Kukausha ni kwa kugandamiza kitambaa cha pamba, kusugua hapana. Ipo sarafu aliyoiloweka muda mrefu kiasi kwamba kijana aliyeileta alishaisahau.

Ikikauka, inapanda mizani. Ni mizani ndogo ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kabla ya kila kazi anaihakiki kwa kijiwe cha gramu 10 kinachokaa ndani ya kasha lake. Rupia ya Wajerumani, kama ile ya India iliyoigwa, ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 11.66 na fedha safi sehemu 917 kati ya 1,000. Iliyozunguka masokoni hupungua kidogo. Iliyokuwa mbele yetu ilisoma 11.50. Hakuridhika. Aliifunga kwa uzi mwembamba, akaining'iniza ndani ya glasi ya maji iliyowekwa juu ya mizani isiguse chini wala pembeni, akasoma uzito ulioongezeka: 1.11. Akagawanya namba ya kwanza kwa ya pili kwenye karatasi, akapata kumi na ushee, na ushee wake ulikuwa mahali panapotakiwa. Risasi ingeleta zaidi ya 11. Shaba ya njano isingevuka 9. Fedha ya aina hiyo hukaa karibu na 10.3. Hakuna kilichokatwa, hakuna kilichochomwa, na sarafu ilitoka majini ikiwa imeshuhudia asili yake yenyewe.

Halafu anageukia ubavu. Watu wengi hutazama kichwa cha mfalme. Yeye huchukua muda mrefu zaidi kwenye ukingo. Sarafu ya kiwandani hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo huacha uso ulionyooka, herufi zenye kona kali na meno yaliyolingana kuzunguka ubavu. Ya bandia mara nyingi husubiwa, yaani chuma cha moto kinamiminwa kwenye kalibu, na kalibu huacha ushahidi: mstari mwembamba ubavuni pale nusu mbili zilipokutana, au vitundu vidogo vya hewa usoni. Mghushi akiutia tupa mstari huo, meno ya ubavu hukatika mahali pamoja. Mzee hupatafuta mahali hapo, akizungusha sarafu polepole mbele ya taa mpaka izunguke yote. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika Zanzibar na pwani nzima, haina meno ubavuni bali maneno ya Kilatini yaliyotokeza. Zote zinasoma 1780, hata zilizopigwa karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka wake hausemi kitu na ubavu wake unasema mengi.

Huko huko ubavuni ndiko anakopata habari za wanawake waliozivaa. Rupia nyingi ziliishi shingoni, kwenye mikufu na vidani. Kipete kikibanduliwa hubaki doa la risasi ya kuchomelea; tundu likizibwa hubaki duara hafifu lenye rangi isiyoafikiana na jirani yake. Sonara hodari anaweza kuziba tundu hadi jicho la kawaida lisilione. Mzee huinamisha sarafu mpaka mwanga uje kwa kulala, na duara linajitokeza lenyewe. Haitupi. Anaandika "ilikuwa kidani" na kuiweka kwenye fungu lake.

Sasa lenzi inatoka kwenye mfuko wa shati. Inakuza mara 10, na anaishikilia karibu kabisa na jicho, kisha anaileta sarafu kwenye lenzi, maana lenzi ikihamahama mkono huchoka na jicho hukosa. Siku hiyo kwenye fungu la shaba ya njano palikuwa na kipande kipana, kizito, kilichopigwa ovyo kwa macho ya mpita njia: taji limekaa upande, herufi hazilingani. Juu paliandikwa D.O.A., katikati 1916, chini herufi T. Ilikuwa heller 20 ya Tabora.

Hapa mzee hupunguza mwendo zaidi, kwa sababu sarafu hii ni ndugu wa mafundi wa mtaa wake. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimeufunga mwambao, na fedha kutoka Ujerumani hazikuweza kuingia. Serikali ya Wajerumani iliyokuwa imerudi nyuma hadi Tabora ikaanzisha kiwanda cha dharura cha sarafu, kikitumia mitambo ya reli na shaba iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Heller 5 zilipigwa karibu 300,000, na heller 20 nyingi kuliko hizo, nyingine kwa shaba ya njano na nyingine kwa shaba nyekundu. Mihuri ilichongwa huko huko, ikachakaa, ikachongwa mingine, na hakuna mchongaji aliyeweza kurudia taji lake sawasawa. Kwa hiyo mtambuzi hulinganisha: taji kubwa au dogo, mkia wa herufi L ulionyooka au uliopinda. Kwa kila umbo anajua ni muhuri upi uligonga wapi. Chuma chakavu kiligeuzwa fedha karakanani, kikazunguka nchini miaka mia na zaidi, kikarudi kwa wauza chuma chakavu wa Gerezani, na ilimpasa mtu mmoja akae nacho chini ya taa ili asili yake isomeke tena.

Tabora ilipiga pia dhahabu: rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, vipande 16,198, vyenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Uzito wake ni gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu. Zipo za aina mbili, na tofauti yake inaonekana upande wa tai tu, pale ncha ya nakshi inapoishia: chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani hulipa fedha nyingi kwa kipande kimoja, na kwa sababu hiyo za bandia nazo ni nyingi. Ikiletwa mezani kwake, mzee haitazami tembo. Anaanza na mizani, maji, ubavu, lenzi, kwa mpangilio ule ule wa senti kumi. Tamaa, kwa maelezo yake, huingilia hatua inayorukwa.

Kinachofuata ni kuipa sarafu daraja. Leo, sehemu nyingi duniani, daraja hutolewa kwa namba kutoka 1 hadi 70, na kipimo hicho kilizaliwa kwenye senti za mwanzo za Marekani: William Sheldon alikitoa mwaka 1949 katika kitabu chake kuhusu senti kubwa za shaba za taifa hilo. Kimetoka huko kikafika kwenye rupia na heller zetu. Mzee hutazama sehemu zilizoinuka kuliko zote, maana ndizo zinazolika kwanza: tai aliye juu ya kofia ya Kaizari Wilhelm, shavu lake, manyoya ya shingo ya simba wa shilingi. Kisha anaiinamisha sarafu na kuizungusha. Ile iliyowahi kusuguliwa huonyesha mikwaruzo myembamba inayokimbilia upande mmoja, na hapo daraja linaanguka, hata kama inang'aa kuliko zote mezani.

Mfano mkubwa wa jambo hili uligusa familia ya watawala wa pwani yetu. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, mkataba wa biashara uliowanufaisha wafanyabiashara Wamarekani wa mji wa Salem waliokuwa wakija Zanzibar. Mwaka 1835 Roberts alirudi Muscat na zawadi, na ndani yake mlikuwa na seti ya sarafu za Marekani. Mojawapo ilikuwa dola ya fedha yenye mwaka 1804, ingawa ilitengenezwa 1834 mahsusi kwa zawadi za namna hiyo. Wataalamu wengi wanaamini dola hiyo ndiyo iliyouzwa 1999 kwa dola milioni 4.14, na tena 2021 kwa dola milioni 7.68. Imepewa daraja la 68. Uadimu wake umeipa sehemu ya bei hiyo. Sehemu nyingine imetoka kwa mlolongo wa watu walioimiliki kwa zaidi ya miaka mia na themanini bila hata mmoja kuipitishia kitambaa.

Ziko sarafu ambazo mzee hazinunui kwa bei yoyote. Vijana wanaotoka kusini huleta mara chache vipande vidogo vya shaba, vyembamba, visivyo na mwaka, vyenye mistari ya Kiarabu: sarafu za masultani wa Kilwa. Maneno ya upande mmoja yana kina kinacholingana na cha upande wa pili, kama mishororo ya shairi, na jina la sultani limo ndani yake. Kipande cha sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14 kiliokotwa Great Zimbabwe, na vingine vya Kilwa vilipatikana 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, na mzee anaijua kama anavyojua mizani yake. Anamweleza kijana kwamba hiyo si biashara, anamwomba akumbuke vizuri ilipookotwa, na anamwelekeza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Sarafu iliyotenganishwa na udongo wake, anasema, imepoteza nusu ya maneno yake.

Zilizobaki zinahifadhiwa. Joto la Dar es Salaam lina unyevu, na upepo wa bahari una chumvi. Vyote viwili hula shaba. Mifuko laini ya plastiki nayo hutoa ute wa kijani baada ya muda, kwa hiyo haitumii. Kila sarafu huingia kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi isiyo na asidi, na bahasha hupangwa wima ndani ya sanduku. Kwenye kona za sanduku huweka vile vifuko vyenye chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wenye maduka ya Kariakoo humkusanyia, naye huvikausha tena kwa moto mdogo vikishashiba maji. Juu ya bahasha anaandika kwa penseli aina, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito hewani, uzito majini, dosari na mahali ilipotoka. Maneno hayo hayo yanaingia kwenye daftari lenye jalada gumu. Anayenunua sarafu kwake anapewa pia nakala ya ukurasa wake.

Bei inakuja mwisho, wakati kila kitu kimeshajulikana. Nilidhani hapo ndipo ujuzi ungegeuka silaha, kwa kuwa kijana wa skrepa angeridhika na bei ya kilo. Mzee alimweleza kijana kitu alicholeta: hii ni ya Tabora, ipo ya namna hii na ya namna ile, hii imelika taji, mnunuzi wa mbali hutoa kiasi hiki, mimi nitakupa hiki, kinachobaki ni cha kuniweka mezani. Ilikuwa mara nyingi ya thamani yake kwenye mizani ya skrepa. Mtaji wake halisi ni makopo yale. Kijana akidanganywa mara moja, kopo linalofuata litakwenda tanuruni pamoja na koki na vitasa, na hakuna lenzi itakayoweza kulirudisha.

Ndani ya kopo la siku hiyo mlikuwa na heller 20 mbili. Kijana aliuza moja. Ya pili aliitazama sana kwa lenzi, akatafuta mkia wa L, akasema angependa ibaki kwake. Mzee alimpa bahasha, lakini hakumwandikia. Alimsogezea mizani na penseli, akamwambia apime mwenyewe, na alipomaliza akamwambia apime tena.